Mjohoro kwanza, giligilani baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba sisi wenye viwanja vidogo vya mjini tuachane na miti ya kivuli, tupande giligilani, rehani na mchaichai. Hoja yake ni kwamba viungo unavila baada ya wiki chache, ilhali mti utaunywesha maji miaka kadhaa kabla haujakufaa kitu. Barua hiyo nilimsomea mama watoto. Akasema mwandishi ana akili. Kwa kuwa nyumbani nimeshindwa, nimeona nije kujitetea huku.

Mimi ni mstaafu wa reli, nakaa Isevya hapa Tabora. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 25, nyumba imetazama mashariki, na ua wa nyuma ndiko kwenye jiko, kamba ya nguo na banda la kuku. Nilipohamia nilifanya kama anavyoshauri msomaji huyu. Nilianza na giligilani, na nusura niache bustani moja kwa moja.

Mbegu tulinunua sokoni kwa wauza viungo, zile zile za pilau. Zinaota vizuri mradi hazijakaangwa wala hazijakaa miaka dukani. Wengi hawajui kwamba kile kipunje cha mviringo ni mbegu mbili zilizoshikana. Mama watoto alizimwaga kwenye sinia, akazibingirishia chupa ya soda taratibu mpaka zikapasuka, kisha akaziloweka usiku kucha. Siku ya tisa zikachomoza. Wiki ya tano tukachuma, kachumbari ikanukia mpaka kwa jirani, nami nikatembea Isevya yote kama bwana shamba.

Huo ulikuwa mwezi wa nane. Ukaja wa tisa. Aliyekaa Tabora anaijua miezi ya tisa na kumi: mvua hakuna mpaka Novemba, ardhi imekuwa jivu, bati linalia mchana kutwa likitanuka. Giligilani yangu haikufa kwa kiu, maana nilikuwa naimwagia ndoo mbili za lita 20 kila siku. Ilichanua. Yale majani mapana yakageuka nyuzi nyuzi kama ya karoti, shina likapanda, vikatokea viua vyeupe, na ladha ikawa chungu. Mmea huu ukizidiwa na joto hauna habari tena na majani, unakimbilia kuzaa. Ndoo zote zile zilinipa mafungu matatu. Fungu sokoni hata nauli ya bodaboda halifikii.

Sasa sikiliza hili. Mjukuu wangu alikuwa amepanda punje chache kwenye ndoo iliyotoboka, akaisahau kwenye uzio, mahali ambapo mti wa mjohoro wa jirani hutupa kivuli alasiri. Tuta langu limekuwa kichaka cha maua, ndoo ya mtoto ina majani mabichi mapana kama viganja vya kitoto. Mbegu zile zile, maji ya bomba lile lile, na mtoto alikuwa anamwagilia akikumbuka tu. Nilichutama pale nikaiangalia ndoo ile kwa muda mrefu. Mama watoto akauliza kama nimepoteza kitu.

Basi mvua zilipoanza nikapanda mjohoro. Na hapa nakiri kosa langu, maana nimeona nyumba nyingi za Tabora zina kosa hilo hilo. Niliupanda mbele ya nyumba, upande wa mashariki, ili wageni wakija waukute. Mjohoro hauchelewi, mwaka wa tatu ulikuwa umelipita bati. Lakini asubuhi ndipo ulipotupa kivuli, wakati ambao hatukihitaji. Saa nane mchana kivuli chote kilikuwa barabarani, vijana wa bodaboda wameegesha pikipiki zao, wanacheza drafti na kunisalimia kwa adabu, mimi nimekaa ndani nachemka. Mpaka leo hicho ni kijiwe chao. Sijawafukuza, ila ukweli ni kwamba nilipandia watu wengine.

Jambo hili nilipaswa kulijua kuliko wengi, kwa kazi niliyofanya. Saa ya reli ni moja kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, lakini jua halisomi ratiba yetu. Tabora iko magharibi ya Dar es Salaam kiasi kwamba jua linatufikia utosini karibu nusu saa baada ya wao, mara nyingi kwenye saa saba kasorobo hivi. Ndiyo maana joto letu baya ni la saa tisa na saa kumi, jua likiwa limeshaelekea magharibi, upande wa Urambo. Kuna na jambo la pili. Mwezi wa sita jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili huhamia kusini, lakini mwezi wa kumi, wakati wa ule moto, linapita karibu juu ya vichwa vyetu kabisa. Kwa hiyo anayetaka mti umsaidie nyumba aupande magharibi. Mjohoro wangu wa pili upo huko, kwenye uzio wa nyuma, na tuta la giligilani liko mita nne mashariki yake. Tuta linapata jua la asubuhi, ambalo mmea unalihitaji, na kuanzia kama saa nane kivuli kinaanza kulifunika. Mwezi wa kumi uliopita tulichuma mpaka mwisho wa mwezi. Ndoo imebaki moja kwa siku.

Rehani na mchaichai havitaki kudekezwa hivyo. Mchaichai ukiuweka kivulini unalegea na kupungua harufu. Ukate kishina chenye mizizi kutoka kwa jirani, kipande juani, kiachie nafasi ya hatua moja, baada ya miezi minne hivi utagawia mtaa mzima. Nanaa ni mtumwa wa maji, ipande panapooshewa vyombo, ila ndani ya kopo, la sivyo itakuhamisha.

Kuhusu aina ya mti, najua watu watasema mwembe, kwa kuwa hii ni Tabora na miembe ni jina letu tangu enzi za misafara. Naiheshimu. Lakini mwembe kwenye mita 20 kwa 25 ni mgeni mwenye familia kubwa. Kivuli chake ni kizito mno, chini yake giligilani haipati hata lile jua la asubuhi. Halafu Novemba watoto wa mtaa wanatungua kwa mawe, na bati ni lako. Maembe mengine yanadondoka usiku, kila moja unadhani ni mwizi. Na msimu wenyewe kila nyumba ina maembe, huuzi. Ukiwa na eneo kubwa, weka mwembe, hata wa dodo wa kubebesha. Kwenye kiwanja cha mjini nasema mjohoro, au mwarobaini kwa asiyependa kupunguza matawi, maana mjohoro lazima uukate kila mwaka kabla ya upepo wa mvua za kwanza. Matawi yake marefu hukatika. Yale unayokata ni kuni nzuri, na shina linachipua tena.

Niongeze dukuduku moja. Mwaka mmoja waliletwa mtaani kwetu wageni na gari lenye miche, tukapigwa picha kila mtu ameshika mche wake, hotuba zikasomwa. Ilikuwa mwezi wa sita. Mwezi wa sita, Tabora! Mvua imekwisha muda na nyingine iko miezi mitano mbele. Sitawataja waliohusika, wanajijua. Kati ya miche 4 niliyopewa ulipona mmoja, tena kwa sababu mjukuu yule yule aliuchomekea chupa ya maji ya lita moja na nusu, kizibo kimetobolewa tundu la sindano, ikawa inadondosha maji kwenye mizizi polepole.

Sisemi giligilani haina faida. Wageni wetu wakikaa chini ya mjohoro alasiri, mama watoto huwaletea chai ya mchaichai, na wote husifia chai. Sijasikia hata mmoja aliyeusifia mjohoro. Ninachosema ni kwamba giligilani ukikosea mahali, unang'oa na kupanda kwingine wiki ijayo. Mti ukikosea, unafuga kijiwe cha bodaboda.

Kijana wangu amepata kiwanja Ipuli, nyumba haijaanza. Jumapili iliyopita tulikwenda naye tukasimika nguzo ya mita tatu upande wa magharibi, mahali mjohoro utakapokaa, tukakaa kwenye matofali kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, tukiweka jiwe kila kivuli kilipofika. Alilalamika jua kali. Nikamwambia, "Baba, ndiyo maana tumekuja." Shimo limeshachimbwa, sentimita 60 kila upande, udongo wa juu umetengwa na wa chini, samadi iko kwenye gunia. Tunasubiri Novemba.

Nina mbegu za mjohoro nyingi zimebaki. Zina ganda gumu, kwa hiyo zimwagiwe maji ya moto na kuachwa usiku mzima kabla ya kupandwa. Msomaji yule mwenye rehani na mchaichai, akipita Tabora, aulize Isevya kwa mzee wa reli. Aanzie kwa vijana wa bodaboda, watamwonyesha.

Mstaafu wa reli,
Isevya, Tabora