Usimtie Supagluu Kabla Hujamleta

Sisi hutengeneza midoli ya zamani iliyovunjika, na kila wiki lazima tulisikie: "Si sehemu zenyewe zinaingiliana? Chomoa mguu mbovu, chomeka mwingine. Sasa bei yote hiyo ya nini?" Juzi mteja mmoja alisema waziwazi kuwa tumemwibia, na hilo limetuuma.

Kuingiliana, kweli zinaingiliana. Midoli ya Micronauts, ambayo kampuni ya Mego ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1976 kwa kuchukua midoli ya Microman ya kampuni ya Takara ya Japani, ilibuniwa hivyo: pini na matundu ya milimita 5, gurudumu la gari hili linakaa kwenye lile. Lakini plastiki imezeeka. Pini iliyokaa tunduni miaka yote hiyo huichomoi kwa nguvu. Tunaipasha kwa maji ya uvuguvugu, tunaizungusha taratibu, na ikikatikia ndani tunaitoboa kwa keekee ya mkono, kidogokidogo, kwa sababu tundu likipanuka halitashika pini nyingine tena. Hapo asubuhi imekwisha.

Kinachoharibu zaidi ni supagluu. Mteja yule aliyesema tumemwibia alikuwa na Time Traveler, mdoli wa Micronauts wa plastiki angavu, aliyekatika nyonga. Nyumbani wakamtia gundi, wakamfungia kwenye mfuko wa nailoni akauke. Mvuke wa gundi ukaganda kifuani kama ukungu mweupe, kiuno kikagoma kukunja. Asetoni hatuthubutu, inakula plastiki yenyewe. Tulikwangua kwa ncha ya kisu, tukasugua kwa msasa laini wa maji hadi mwanga ukapita tena. Nyonga peke yake ingemgharimu kidogo tu. Alicholipia hasa ni kuondoa gundi.

Baron Karza, mdoli mwingine wa Micronauts, ndiye huonewa zaidi. Mabega na mapaja yake hushikwa kwa sumaku, ndiyo maana unaweza kumtoa miguu ukampachika juu ya farasi wake, Andromeda. Tumeshaletewa mmoja aliyegandishwa mabega kwa kudhaniwa amelegea, kumbe vigololi vya chuma vinavyoshikwa na sumaku vilikuwa na kutu tu. Huyo hatumloweshi kabisa. Tunamfuta kwa pamba na spiriti.

Bei tunakutajia kabla ya kugusa skrubu, na tukiweka sehemu ya kunakili, isiyo ya asili, tunaiandika kwenye risiti. Kilichokatika usikitupe. Kiweke kwenye bahasha ukilete, hata kikiwa kidogo kama punje ya mchele.