Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Kanga, Mitindo na Taarabu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi, mafundi cherehani na wazee wetu wa taarabu, asalaam aleykum.

Kwa niaba ya wanafunzi wenzangu nakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na ujio wako umetupa moyo sana.

Mheshimiwa, utakachokiona leo ni kanga, mavazi yaliyoshonwa kwa kanga hizo, na nyimbo zilizozaa michoro yake. Michoro hiyo tumeitengeneza tukisaidiwa na akili mnemba. Wapo waliotuuliza kwa nini tumechanganya mambo matatu. Kwetu Zanzibar yalikwisha kuchanganyika zamani. Mwanamke akijifunga kanga yake harusini, akasimama kumtuza mwimbaji, mchoro upo, vazi lipo, na jina la kanga linajibizana na beti zinazoimbwa. Tulitaka kuona kama mashine inaweza kuingia kwenye mazungumzo hayo bila kuyaharibu.

Tulianza na sauti ya udi na fidla. Programu iliigeuza rekodi kuwa picha: sauti nyembamba zikakaa juu, nene chini, na palipo na mlio mkubwa rangi ikakolea. Picha hiyo tukaipa programu ya kuchora, nayo ikatoa mapendekezo mengi ya nakshi. Tuliyoyapenda tukayachora upya kwa mkono, tukayapanga kama kanga inavyotaka, mji katikati na pindo pande zote nne. Mafundi wakashona. Kwa hiyo kila mwanamitindo atakapopita mbele yako, wimbo utakaousikia ndio uliomo kwenye nguo yake.

Lakini mashine hii haitujui. Imefundishwa kwa picha na rekodi nyingi mno za mtandaoni, na zetu humo ni chache. Tulipoiagiza kanga, mara nyingi ilituletea kitenge. Mahali pa jina iliweka alama zinazofanana na herufi ila hazisomeki, na kanga isiyo na jina haisemi na mtu. Kwenye muziki ni vivyo hivyo. Maqamu za taarabu, yaani mipangilio ya sauti ambayo nyimbo zake huifuata, zina sauti zinazokaa katikati ya noti mbili za piano, na programu nyingi, kwa kuwa zimepimwa kwa piano, huzihesabu sauti hizo kuwa kosa na kuzinyoosha. Ndiyo maana majina ya kanga zote tumeyatunga wenyewe pamoja na bibi zetu, na ala zote zimepigwa na watu.

Hatukati tamaa. Mwaka 2023 msanii wa Nigeria, Malik Afegbua, alitumia akili mnemba kutengeneza picha za wazee wakipita kwenye jukwaa la mitindo, wamevaa mavazi ya fahari. Wazee wale ni wa kubuniwa tu, lakini swali lake ni la kweli: kwa nini mitindo inawasahau wazee? Leo watapita jukwaani bibi na babu zetu wenyewe.

Jambo linalotugusa zaidi ni sauti za watu. Mwaka 1928 mwimbaji wetu wa taarabu, Siti binti Saad, alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Siku hizi programu inaweza kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala. Ndivyo bendi ya Uingereza, The Beatles, walivyotoa wimbo mwaka 2023 kwa kuichomoa sauti ya mwenzao John Lennon, aliyefariki mwaka 1980, kutoka kwenye kanda ya zamani yenye piano. Tungefurahi sana santuri zetu kuukuu zikisafishwa namna hiyo. Ila mashine inaweza pia kuiga sauti na kuiimbisha maneno ambayo mwenyewe hakuyatamka, na hilo tumelikataa. Bi mkubwa mmoja wa taarabu, aliyetufundisha bila malipo, alituomba sauti yake isiigizwe. Tukaweka sharti: haitaigizwa sauti ya yeyote, aliye hai au marehemu, bila ridhaa yake au ya familia yake. Moja ya kanga za leo ina jina alilotutungia yeye: “Aliyenipa sauti hajaiuza.”

Mheshimiwa, ombi letu kubwa ni utusaidie kuzifikia kanga na santuri za zamani zilizohifadhiwa kwenye hifadhi za nyaraka na majumbani, tuzipige picha na kuzirekodi upya, kila moja na jina la mwenyewe. Hazina hiyo ikae Zanzibar, na anayetaka kuifundishia mashine aje aombe, akikubaliwa alipe. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 ilitungwa kabla ya mashine hizi, hivyo tunakuomba utufikishie COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, hoja kwamba mchoraji, mshonaji na mwimbaji wanahitaji kinga inayolingana na zama hizi. La pili ni kompyuta yenye uwezo, kwani tuliyonayo tunaipokezana na kazi za picha zinailemea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.