Kikalie kwanza wewe, halafu unijibu

Kwako Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, watoto wazima, babu yao bado anakohoa vilevile na bado hataki kusikia habari za dawa. Najua nimekaa kimya mno, lawama zako nitazipokea tukionana. Leo nina shida.

Salma ameniambia ofisi yenu inahama na vile viti vya zamani wanagawiwa wafanyakazi. Ni kweli? Kama ni kweli, naomba unishikie kimoja. Kiuno kinaniua.

Hiki ninachokalia kazini ni balaa. Kwa macho ni kiti cha mkurugenzi: ngozi nyeusi, egemeo limepanda hadi kisogoni. Lakini sponji ilishakufa, ukikaa unagusa ubao. Na lile bomba la gesi linalokiinua limechoka; asubuhi nakipandisha vizuri, ikifika saa tano kidevu kiko usawa wa kibodi. Nanyanyuka, navuta kile kishikio cha pembeni, kinapanda. Nakaa, kinaanza tena kushuka taratibu, na wenzangu wanajifanya hawaoni. Fundi anasema bomba hubadilishwa tu, kiti kikaendelea. Nani wa kusaini hiyo karatasi, sasa?

Ila hata kingekuwa kizima hakinifai. Mimi ni mfupi, usicheke, na kikalio chake kimekwenda mbele mno. Nikirudi nyuma niegemee, ukingo wa mbele unanikata nyuma ya magoti na miguu inaning'inia. Nikisogea mbele nikanyage sakafu, kiuno kinabaki hewani, hakina cha kukishika, na muda si muda nimeshapinda. Yaani egemeo lote lile la fahari halijawahi kunigusa mgongo! Mama wa fiziotherapia, yule wa mazoezi ya viungo, alinionyesha kipimo rahisi: kaa mpaka nyuma kabisa, kisha pitisha vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Visipopita, kiti hicho si chako, hata kikiwa kipya cha kwenye nailoni.

(Aliniuliza pia kama mguu unadhoofika, kama nasikia ganzi mapajani, kama haja ndogo inanishinda kuizuia. Hapana. Ingekuwa hivyo ningekuwa hospitali saa hizi, si kuandika barua.)

Baba watoto ana tiba yake: kiti kigumu cha mbao, mgongo wima. Nikamwambia kuna daktari wa Sweden, Alf Nachemson, ambaye miaka ya 1960 alikuwa akiwachoma watu sindano yenye kipimo hadi ndani ya diski za kiuno, zile pedi laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo, aone zinabeba mzigo kiasi gani. Kukaa huku umeinama mbele kukaonekana kubaya. Baadaye yeye na wenzake walipolaza egemeo nyuma kidogo na kuongeza kitu cha kujaza pale kiunoni, mzigo ukapungua. Akaniuliza hao watu walikubali vipi kuchomwa. Mjadala ukafia hapo.

Basi, ombi lenyewe. Usiniletee kile kinachong'aa. Beba futikamba, upime kutoka egemeo hadi ukingo wa mbele wa kikalio: kisizidi sentimita 40. Kuna vingine kikalio chake husogezwa mbele na nyuma. Ukikikuta hicho, kikalie usiondoke. Halafu kishushe hadi mwisho uniambie kimebaki juu kiasi gani. Tazama na ile nundu ya egemeo, inapanda na kushuka? Kwangu inatakiwa iingie kwenye bonde la mgongo, juu kidogo ya mkanda. Na mikono ya kiti nayo ishuke, maana ikigonga meza unabaki mbali na kazi yako, unainama, tumerudi kulekule.

Cha wavu nakipenda kuliko cha sponji, kwa sababu sponji iliyokwisha kukaliwa na watu huwezi kujua imebaki na uhai gani. Na kama bahati imelala mlangoni kwenu mkawa na Aeron, kile kiti cha kampuni ya Herman Miller kilichotoka 1994, hutengenezwa saizi tatu. Papasa nyuma ya egemeo, pale juu, kuna vinundu: kimoja ni A, viwili B, vitatu C. Mimi ni wa kimoja. Haya, naota.

Mama wa fiziotherapia kanionya nisitegemee kiti peke yake. Diski za mtu mzima hazina mishipa ya damu, hulishwa na majimaji yanayopenya mwili unapojongea, kwa hiyo niinuke kila nusu saa nizunguke. Sawa, nainuka. Lakini yeye hakikalii kile kiti changu.

Wewe mgongo wako vipi siku hizi? Ule mto ulioniambia unauweka kiunoni, bado unauweka au umeshaishia kwa paka? Mama ameruhusiwa kupanda ngazi? Shemeji bado ana ile pikapu, na anaweza kunisaidia bila kunisimanga mwaka mzima? Mnagawiwa lini hasa, na nani mwenye orodha? Jina langu haliwezi kuingia, najua, lakini lako si lipo?

Nijibu upesi. Na tafadhali, Mama Neema asisikie habari hizi mpaka kiti kifike kwangu. Naye kiuno kinamsumbua, na unamjua alivyo.

Ni mimi,
Mwanaidi