Mtoto wa mbwa hafundishwi kwa njaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyewashauri vijana wetu wa huku Marekani, wanaoanza kufuga mbwa wa kuwinda rakuni, kwamba mtoto wa mbwa anyimwe chakula siku mbili kabla ya kupelekwa porini, na asipopata kitu achapwe. Ushauri ule umeniuma. Kazi hii ya usiku nimeifanya kwa miaka mingi kusini mwa Kentucky, kandokando ya mto Barren, na kwa njia hiyo sijaona mbwa akijifunza lolote zaidi ya kumwogopa bwana wake.

Wasomaji wa nyumbani huenda hawamjui mnyama huyu. Rakuni hutembea usiku. Ana manyoya ya kijivu, weusi kuzunguka macho na mkia wenye pete nyeusi, na kwa kawaida uzito wake ni kilo 4 hadi 9. Vidole vyake ni vyepesi, komeo la banda la kuku halimshindi. Mahindi yakiwa machanga, bado yana maziwa, huangusha bua, akala nusu ya hindi na kuhamia bua jingine. Akifukuzwa hupita majini, hutembea juu ya magogo na juu ya uzio, na mwisho hupanda mti. Kazi ya mbwa ni kuifuata harufu hiyo huku akipaza sauti, kisha kusimama chini ya mti wenyewe na kubweka mpaka mtu afike. Anachotakiwa kuleta ni habari, na habari ya kweli.

Mimi ni mtu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, upande wa Mambasa. Kwetu Wambuti, wawindaji wa msitu ule, huingia msituni na mbwa wasiobweka, wamewafunga kengele ya mti shingoni ili wajulikane walipo wanapowasukuma wanyama kwenye nyavu. Huku ni kinyume kabisa: bila sauti ya mbwa hakuna uwindaji. Mzee jirani yangu, mkulima wa tumbaku, alinifundisha kusikiliza kabla ya kunifundisha jambo jingine lolote. Sauti ndefu, zinazotoka kwa kuachana, maana yake harufu imepoa, rakuni alipita zamani. Zikianza kukaza na kufuatana, njia ni mbichi. Kisha zikageuka kuwa fupifupi, za mfululizo, zinatoka mahali pamoja: amefika mtini. Mwenye mbwa huyasikia yote hayo gizani, bila kuona hata jani.

Sasa mchukue mtoto wa mbwa mwenye miezi 8, umemchapa kwa sababu amerudi mikono mitupu. Atafanya nini usiku unaofuata? Ama atanyamaza, atazunguka karibu na miguu yako, ama atakwenda kusimama chini ya mti wowote na kubweka ili ufurahi. Mbwa mwongo wa mtini ni hasara kuliko mbwa asiyejua kitu, kwa sababu kila akiita inabidi uvuke mto na makorongo ukamkute anaukodolea macho mwaloni usio na kitu. Na uongo ule umemfundisha wewe kwa fimbo yako.

Njaa nayo haimfai. Mbwa huyu anaweza kukimbia mlimani na bondeni saa nyingi, tena kwenye baridi ya Novemba. Asiyekula atachoka mapema na atageukia mizoga na majalala. Mlishe vizuri, chakula chenye mafuta ya kutosha, ila usimjaze tumbo saa mnapotoka.

Wengi wetu tulianza hivi. Akiwa na miezi 3 hivi, unaburuta mkia au kipande cha ngozi ya rakuni kwenye majani, unakizungusha, unakining'iniza juu ya mti mdogo asikoweza kufika, kisha unamwachia. Akibweka pale chini, msifu kama vile ameleta ng'ombe nyumbani. Lakini mchezo huo usizidi. Njia ya kuburuta ina harufu yako na imenyooka mno, na rakuni wa kweli hatembei hivyo. Faida kubwa zaidi inatoka kwenye matembezi ya mchana: avuke kijito, apite chini ya waya, azoee farasi na magari, ajue jina lake na aje anapoitwa. Anapokula gonga sufuria kwa mbali, ili mlio wa bunduki usije ukamtia hofu baadaye.

Karibu na miezi 6 muunganishe na mbwa mzee. Chagua mzee mkweli, maana mtoto huiga kila kitu, hata kasoro. Akishaelewa mchezo, mtenge, mpeleke peke yake. Nimewajua mbwa wazuri wa damu safi waliobaki kuwa wafuasi maisha yao yote kwa sababu bwana wao alichelewa kuwatenga. Na akiwa peke yake akipoteza njia, kaa juu ya gogo, zima taa, umwache aitafute mwenyewe. Hapo ndipo vijana wanaposhindwa, wanataka kwenda kumsaidia.

Kuna wanaotumia rakuni aliyefungiwa ndani ya kizimba, wanamviringisha mbele ya mbwa wadogo mpaka wapandwe na wazimu. Nalipinga jambo hili kwa moyo wote. Ni ukatili kwa mnyama aliyefungwa, na mbwa anazoea kutumia macho wakati kazi yake ni ya pua.

Kulungu ndiye shida kuu. Harufu yake ni kali, anakimbia mbali, na mtoto wa mbwa anaona raha kumfukuza hadi kata nyingine. Siku hizi kuna kola ya umeme, inayomshtua mbwa shingoni ukiwa mbali, na wapo wanaobonyeza kitufe wakiwa hawajui mbwa yuko kwenye nini. Kama hukumwona kulungu kwa macho yako, usibonyeze. Ukimchoma akiwa juu ya njia ya rakuni, umeliharibu jambo lile lile ulilokuwa unalitafuta. Mimi humkamata, namwondoa pale kimya kimya, simsifu, twende zetu.

Mtini nako panahitaji uvumilivu. Rakuni hufumba macho taa ikimpiga, hujificha nyuma ya tawi, huingia kwenye tundu la mti wa sikamoa. Zunguka mti wote kabla ya kumhukumu mbwa. Ukimwona, mpapase mbwa, mfunge kamba, mwondoe. Si lazima mnyama afe. Ngozi siku hizi haina bei kama ya miaka ya 1970, na kwenye mashindano ya mbwa hawa bunduki haitumiki: wanahesabu alama za aliyepaza sauti wa kwanza na aliyesimama mtini wa kwanza, rakuni anabaki juu.

Wenyeji wa huku hawana mzaha na mbwa wao. Kaskazini-magharibi mwa Alabama kuna makaburi ya mbwa wa rakuni peke yao, yaliyoanza mwaka 1937 Key Underwood alipomzika mbwa wake, Troop. Kwa hiyo ukienda kuomba ruhusa ya kuwinda kwenye shamba la mtu, na ni lazima uombe, tena mchana, ana kwa ana, ukiwa na leseni yako, jua kwamba mwenye shamba atamtazama mbwa wako kwanza. Akimwona mbavu nje na mkia katikati ya miguu, hutapata ruhusa. Nasi wageni tunaotembea usiku na bunduki tunaihitaji sana ruhusa hiyo.

Jambo la mwisho ni la afya. Chanjo ya kichaa cha mbwa na ya distempa, ugonjwa mwingine hatari wa mbwa, zisikose. Pia kuna ugonjwa unaowapata baadhi ya mbwa waliong'atwa na rakuni: wiki moja au mbili baadaye miguu ya nyuma inalegea, kisha ya mbele, na sauti inabadilika, mbwa analala chini asiweze kuinuka. Wapo wanaodhani amekwisha wakampiga risasi. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Wengi hupona baada ya wiki au miezi, mradi apatikane mtu wa kumgeuza ubavu, kumpa maji na kumlisha kwa mkono. Na kama mwandishi wa barua ile bado ana mtoto wa mbwa aliyemfunga, namsihi amlishe leo jioni.

Msomaji wenu,
Bowling Green, Kentucky