Rehema, miguu yako inataka maji kwanza

Shoga yangu Rehema,

Salama? Mimi mzima, kaunta ya duka la dawa ndiyo inanizeesha tu. Ujumbe wako nimeusoma, na zile picha za miundi nimezikuza mpaka nikaona vinyweleo. Unalalamika kwamba usoni unang'aa mpaka unajifuta, ila ukipitisha ukucha kwenye mguu unaacha mstari mweupe, na jioni unawashwa hadi unajikuna kwa kisigino cha mguu wa pili. Mafuta unapaka asubuhi na usiku. Kabati limejaa. Sasa kaa kitako, maana jibu langu ni refu.

Shida yako ni maji, si mafuta. Najua hapo utaguna. Lakini kuna mtafiti wa Marekani, Irvin Blank, aliyeandika habari hizi mwaka 1952. Alichukua vipande vya ngozi sugu, ile ngumu, vikavu kiasi cha kuvunjika ukivikunja. Akavitia kwenye mafuta. Vikakaa humo na kutoka vigumu vilevile. Vilipopata maji ndipo vilipolainika na kukunjika. Mimi nikimpata mteja anayeniambia "nipe mafuta mazito zaidi, haya hayanisaidii", huwa namsimulia habari hiyo kabla sijagusa rafu.

Ngozi yako ya juu kabisa ni seli zilizokwisha kufa, bapa, zimepangana tabaka kumi na tano hivi au zaidi, na zote pamoja hazifiki hata nusu ya sehemu ya kumi ya milimita kwa hapo kwenye muundi. Ichukulie kama ukuta: seli ni matofali, na katikati yake kuna saruji ya mafuta maalumu ambayo mwili huyatengeneza wenyewe, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ndani ya seli kuna vitu vinavyoshika maji, kama urea na asidi ya laktiki. Saruji ikiwa nzima, maji yanayopanda kutoka ndani ya mwili hutoka polepole, na hivyo vishika maji hubaki mahali pake. Saruji ikitoboka, maji huondoka ovyo, vishika maji navyo huoshwa na kwenda na maji ya bafuni. Kiwango cha maji kwenye tabaka hilo kikishuka chini ya asilimia 10 hivi, ngozi hukakamaa na kuanza kupasuka.

Na ule weupe unaokukera? Kila siku unapukutisha seli bila kuziona, moja moja. Ngozi ikikauka, seli hung'ang'aniana, halafu hubanduka kwa vipande. Vipande hivyo vikiinuka kidogo, mwanga unavigonga na kutawanyika, na juu ya ngozi nyeusi unaonekana mpauko. Mwenye ngozi nyeupe anaweza kuwa mkavu kukushinda na usimtambue upesi, yeye utamwona amekuwa mwekundu. Kwa hiyo acha kusema ngozi yetu "ina laana ya kupauka". Inaonekana zaidi, basi.

Habari ya uso kung'aa na miguu kupauka nayo haina ajabu. Usoni tezi za mafuta zimejaa tele. Kwenye miundi ni chache. Viganjani na kwenye nyayo hazipo kabisa, hata moja, na ndiyo maana magaga hayana huruma. Mtu mmoja anaweza kuwa na ngozi ya mafuta na ngozi kavu kwa wakati mmoja, na kila sehemu ikadai matunzo yake.

Sasa tuje bafuni, na hapa ndipo ninapotaka ugomvi na wewe.

Unaoga maji ya moto mpaka kioo kinafunga ukungu. Unajisugua na dodoki kuanzia shingoni hadi vidoleni, kwa sabuni yenye povu la kumwaga. Ukitoka, ngozi inabana, nawe unasema "leo nimetakata". Ule mbano ndio ngozi inapiga kelele! Sabuni ya kipande ya kawaida ni alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) inafika 9 au 10, wakati ngozi yako inataka asidi kidogo, karibu na 5. Vimeng'enya vinavyotengeneza ile saruji hufanya kazi vizuri kwenye asidi hiyo, na kila ukiivuruga navyo husuasua kwa saa kadhaa. Tena sabuni haichagui. Mafuta ya vumbi na jasho, na mafuta ya ukuta wako, yote kwake ni mafuta ya kuondoa. Maji ya moto yanaisaidia kuyayeyusha, na dodoki linamalizia kwa kubandua seli ambazo hazikuwa tayari kutoka.

Nisikilize basi. Maji yawe ya uvuguvugu. Dakika tano zinatosha, kumi ndiyo mwisho. Sabuni, tena isiyo kali wala manukato, ipake kwapani, kinenani, matakoni na miguuni chini. Miundi, mapaja, mikono na mgongo, kama hukushinda shambani au kwenye grisi, maji peke yake yanatosha. Najua kwako hiyo ni kuoga nusu. Jaribu hivyohivyo. Dodoki nenda kalitundike mbali.

Ukitoka, taulo ligusishe, usisugue. Acha ngozi ikiwa bado na umande umande, kisha paka mafuta hapohapo bafuni ndani ya dakika tatu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanajikausha kabisa, wanapiga pasi nguo, wanajibu simu, halafu wanayapaka mafuta kwenye ngozi iliyokwisha kukauka. Mafuta yale yanafungia ukavu ndani. Kopo lilelile unalolilaumu, ukilipaka dakika kumi mapema, linaweza kukushangaza.

Kuhusu vya kupaka, usinichoshe na majina ya mitindo. Geuza chupa usome nyuma. Viungo hupangwa kwa wingi wake, kilicho kingi kinatajwa kwanza. Ile losheni yako ya chupa ya zambarau uliyonipigia picha inaanza na maji, sawa, lakini manukato yametajwa kabla ya gliserini. Umenunua harufu. Unachotaka kukiona mapema kwenye orodha ni gliserini au urea, ambavyo huvuta maji na kuyashika, pamoja na kitu cha kufunika juu yasitoroke. Kwa kufunika, bado sijaona kinachoyashinda mafuta mgando. Robert Chesebrough aliyapatia hataza kule Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, na mpaka leo ni ya bei ndogo na hayana manukato kama ukichagua yale meupe yasiyochanganywa. Yananata, ndiyo. Paka usiku, uvae nguo zako za zamani. Losheni ina maji mengi na hukauka upesi, hivyo kwa miguu yako chagua krimu nzito ya kopo au marhamu. Losheni iache kwa mikono ya mchana.

Mafuta ya nazi endelea nayo kama yanakupenda. Ya zeituni nisingekushauri kwenye ngozi: yamepimwa, yakaonekana kuulegeza ule ukuta hata kwa watu ambao ngozi yao haina tatizo. Ya alizeti hayakuonyesha ubaya huo.

Halafu unapaka kidogo mno. Mtu anachovya ncha ya kidole, anagawa mguu mzima, kisha anashangaa. Kipimo cha madaktari ni hiki: krimu iliyokamuliwa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza ni kama nusu gramu, na inatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Mwili mzima unakula gramu 20 hadi 30 kwa mara moja. Kopo la gramu 500 linalokaa kabatini hadi linabadilika rangi halijatumika, limehifadhiwa. Paka ukishuka chini, kuelekea vinyweleo vinakolala, usisugue kwa kupanda juu, utaziba vitundu na kupata vipele. Na jambo moja ambalo hata sisi wauza dawa hulisahau: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta ya aina hii hushika moto upesi sana, kwa hiyo ukishapaka kaa mbali na jiko na sigara, na mashuka uyafue mara kwa mara. Na sakafu ya bafu ifute, usije ukateleza.

Magaga yana mambo yake. Urea ya asilimia 5 au 10 inatosha kwa mwili, lakini kisigino kilichokomaa kinataka asilimia 20 na kuendelea, maana kwa kiwango hicho urea inaanza kuyeyusha ule ugumu wenyewe. Loweka miguu kidogo, sugua kwa jiwe taratibu (taratibu, Rehema, hukwangui sufuria), paka, vaa soksi za pamba, lala. Wembe marufuku. Palipopasuka hadi kuonekana nyama, urea itakuchoma, hapo tumia mafuta mgando mpaka pafunge. Katikati ya vidole usipake kitu, pakilowa fangasi hufurahi. Mwenye kisukari asijifanyie haya bila kuonyesha miguu hospitali, kwa sababu huenda asihisi anapoumia.

Kunywa maji mengi? Kama una kiu, kunywa. Kwa mtu asiyepungukiwa na maji mwilini, lita za ziada huishia chooni kabla hazijafika kwenye muundi.

Sasa ile tyubu ndogo aliyokupa jirani. Nimelisoma jina: klobetasoli. Hiyo ni steroidi, yaani dawa ya kuzima uvimbe na muwasho, tena katika zile kali kabisa. Naelewa kwa nini umeipenda, muwasho umekata siku ya pili. Lakini si mafuta ya ngozi. Ukiizoea inakondesha ngozi, inaleta michirizi isiyofutika, inafanya mishipa midogo ionekane, na ukiiacha ghafla baada ya kuitumia sana, ngozi inaweza kuwaka kuliko mwanzo. Daktari anaiandika kwa ugonjwa maalumu, mahali maalumu, kwa muda maalumu. Umesema umeipaka siku chache tu, basi ishie hapo. Huyo jirani kama anaipaka kila siku tangu mwaka jana, mwambie asiitupe kwa hasira, amwone daktari ampangie namna ya kuipunguza. Na hiyo krimu ya kung'arisha isiyo na orodha ya viungo hata sitaki kuizungumzia. Nyingine huwa zina zebaki, na zebaki huharibu figo. Itupe.

Nimebakiza mawili ambayo si ya mafuta.

La kwanza ni Mama. Umesema anajikuna usiku kucha, mwili mzima, na hana kipele hata kimoja. Mtu akizeeka tezi za mafuta hupungua na ngozi hujijenga polepole, kwa hiyo anza kwa kumtunza kama nilivyokueleza, maji ya uvuguvugu na krimu nzito mara mbili kwa siku. Zikipita wiki mbili bila nafuu, mpeleke akapimwe damu: figo, ini, tezi ya shingo, sukari, na wingi wa damu. Hayo yote huweza kujitokeza kwa muwasho kabla ya kitu kingine chochote. Chukua na dawa zake zote anazomeza mkazionyeshe, maana hata za kuongeza mkojo huweza kukausha. Ila kama na wajukuu wanaolala naye wameanza kujikuna usiku, hasa katikati ya vidole na viungoni, huo ni upele, na mnatibiwa nyumba nzima siku moja.

La pili ni lile baka la kiwiko uliloligusia kwa mstari mmoja kama vile halina maana. Umeandika ni kavu, limefifia rangi, halitoki jasho, na haliwashi. La kutowasha ndilo limenifanya nikuulize. Chukua uzi wa pamba, fumba macho, mtu akuguse nao ndani ya baka na pembeni yake. Ukihisi sawa kote, huenda ni ukavu tu au fangasi. Usipohisi ndani, usilipake kitu, nenda kituo cha afya wiki hii wakalichunguze, na uwaambie wazi kwamba halihisi. Baka lisilo na hisia linaweza kuwa ukoma, na ukoma siku hizi unapona kwa vidonge, mradi usikawie mpaka neva ziharibike. Sikutishi. Nataka tu uzi upite hapo leo kabla hujalala, halafu uniandikie ulichohisi.

Mama mpe shikamoo yangu, na watoto wabusu.

Wako,
Zuhura