Barua ya wazi kwa Katibu wa Petroli: asilimia 5 yetu iko wapi?

Mheshimiwa Katibu,

Nakusalimu kwa heshima zote kutoka Lokichar, Turkana. Juzi tuliitwa tena barazani. Vijana wenye makoti ya kung'aa walituambia mafuta yanarudi. Tukaandikwa majina, tukatia dole gumba, tukapewa soda moto. Mama mmoja akauliza habari ya asilimia 5, fungu la wenyeji katika mapato ya mafuta. Akaambiwa hayo ni mambo ya wakubwa.

Basi mkubwa ni wewe. Mawaziri huja na hotuba na kuondoka nazo, lakini sera huandikwa mezani pa katibu. Andrew Kamau alikikalia kiti hicho tangu 2015 hadi 2022. Enzi zake tulidai asilimia 10, ikakatwa nusu, tukameza. Sheria ya Petroli ya 2019 ikasema: serikali kuu 75, kaunti 20, wenyeji 5 kupitia hazina yenye wadhamini. Agosti mwaka huohuo meli ikang'oa nanga Mombasa na mapipa zaidi ya 200,000 ya mafuta. Nilipiga vigelegele, Mungu anisamehe.

Mafuta ya hapa yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana yalisafirishwa kwenye matangi ya kupashwa moto. Dawa ya hilo mliipata upesi. Hiyo hazina yetu imegandia wapi? Wengine wanasema faili limekaliwa kaunti, wengine Nairobi. Mimi nashuku mnangoja tuzeeke.

Nilikopa chamani nikajenga vyumba vya kupangisha, kwa kuwa tuliambiwa wafanyakazi watajaa. 2020 wakafungasha virago. Sasa wanaolala humo ni mbuzi, na deni bado lanidai. Petroli ya bodaboda ya kijana wangu tunainunua kando ya barabara kwa chupa ya maji, kwa bei ya kulia, nasi tumekalia visima!

Tullow, kampuni iliyokuwa ikichimba hapa, imeuza, Gulf Energy imeingia mahali pake, na mazungumzo yote ni ya barabara na malori. Heri yenu. Mimi siombi kazi, wala soda. Naomba majina ya wadhamini wa hiyo asilimia 5 yabandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya chifu kabla lori la kwanza halijawashwa. Majina tu, Mheshimiwa. Na akaunti yenyewe iko benki gani. Majina kwanza.

Kama hayapo, msituite tena barazani.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Mama mwenye vyumba, Lokichar