IP ya ndani ya duka hainunuliwi

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu mafundi wetu wa kompyuta.

Nina steshenari hapa Tukuyu. Kompyuta kuukuu yenye Ubuntu (mfumo endeshi, kama Windows) ndiyo imeshika printa na mafaili yote, na mbili za mbele zinaitafuta kwa namba yake ya mtandao, yaani IP, 192.168.1.7. Sasa mvua za Tukuyu mnazijua, na umeme wetu na mvua hawaivi chungu kimoja. Kila umeme ukikatika na kurudi, ruta, kile kifaa cha wi-fi, inagawa namba upya: ile 7 inaangukia simu ya mtu aliyekuja kula wi-fi tu, kompyuta yangu inaibuka na 12, printa haionekani. Wateja wamepanga foleni, mmoja ana fomu ya mirathi, na gari lake la Mbeya linapiga honi.

Fundi alikuja mara tatu, kila mara sh 15,000. Mara ya tatu akasema dawa ni kununua IP ya kudumu kwa kampuni ya mtandao, nilipie kila mwezi. Nikaanza kuhesabu ni kopi ngapi hizo.

Mtoto wa kaka yangu alipokuja likizo akacheka. “Shangazi, ya kulipia ni ya mtu anayetaka kufikiwa kutoka nje, kama kuangalia kamera za duka ukiwa Dar. Hizi za 192.168 ni za ndani, zilitengwa tangu miaka ya 1990. Unajichagulia mwenyewe, bure.”

Tukafungua faili lililo ndani ya /etc/netplan, mahali Ubuntu inapoweka mipangilio ya mtandao. Penye dhcp4, yaani kupewa namba na ruta, tukaandika no, tukaweka 192.168.1.10/24, njia ya kutokea kupitia ruta, 192.168.1.1, na namba za DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa IP. Likagoma. Mimi nilijifunzia kuchapa kwenye taipureta, kidole kilikuwa kimekwenda chenyewe kwenye kitufe cha tab. Faili lile linataka nafasi za kitufe kirefu cha chini (spacebar), na mistari ikae sawasawa. Tulipolisafisha tukaandika amri ya kujaribu mipangilio, sudo netplan try. Hapo inahesabu sekunde 120, usipobonyeza Enter inarudisha mambo yalivyokuwa. Laiti na mikopo ya vikoba ingekuwa hivyo.

Kesho yake printa ikawa mara ipo, mara haipo. Kumbe asubuhi, kabla sijawasha kompyuta, ruta ilikuwa imeshampa mteja ile 10 kwenye simu yake, vyombo viwili vikagombea namba moja. Kijana akaingia kwenye ruta, akakuta inagawa kuanzia 2 hadi 100. Tukahamia 200, na kompyuta za mbele nazo tukazielekeza huko. Tangu hapo umeme umekatika sijui mara ngapi, printa haijapotea hata siku moja.

Sina ugomvi na fundi kulipwa, jasho lake ni lake. Lakini unapomfungia mtu mtandao dukani au shuleni, mwambie ipi ni ya kulipia na ipi ni ya bure. Na ukimaliza, mwachie karatasi yenye namba: ya ruta, ya printa, na ruta inagawa kutoka wapi hadi wapi. Ya kwangu nimeibandika ukutani kwa selotepu, chini ya lile tangazo la “Mkopo kesho”.

Mama Steshenari,
Tukuyu, Rungwe